Barua ya wazi kwa wasimamizi wa elimu Lamu: fungueni makabati, watoto wafundishwe pesa

Kisiwa cha Pate,
Kaunti ya Lamu.

Kwa Waheshimiwa wote wenye dhamana ya elimu katika visiwa vya Lamu, wa serikali kuu na wa kaunti,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

KUH: VIFAA VYA KIDIJITALI VILIVYOFUNGIWA SHULENI NA SOMO LA PESA KWA WATOTO WA MSINGI

Ama baada ya salamu na heshima mnazostahiki, mimi ni mama wa watoto wa shule, mwakilishi wa wazazi katika bodi ya shule moja ya msingi hapa kisiwani, na ni wakala wa kutuma na kutoa pesa kwa simu. Naandika hadharani kwa sababu mlango wa faragha tumeubisha mpaka tumechoka. Wazazi tuliandika barua, tukavuka mlango wa bahari wa Mkanda kwa boti, tukaikabidhi kwa mkono, ikapigwa muhuri wa kupokelewa. Tulipofuatilia tukaambiwa inashughulikiwa. Tulipofuatilia tena tukaambiwa aliyekuwa akiishughulikia amehamishwa, tuandike upya. Tukaandika upya. Ofisi hizo sizitaji hapa, maana haja yangu ni jibu, wala sitaki kumwaibisha mtu. Wenyewe mkiisoma mtajijua.

Tunachoomba hakihitaji mradi mpya wala mfadhili kutoka ng'ambo. Tunaomba vifaa ambavyo tayari viko shuleni vitolewe makabatini, vitumike kuwafundisha watoto wetu pesa kama wanavyoikuta nyumbani na dukani: pesa iliyo ndani ya simu, yenye makato, mikopo na matapeli wake. Yanayotusumbua ni haya.

1. Vifaa vipo, lakini vimefungiwa

Ahadi ya kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza tuliisikia kwenye kampeni za 2013. Usambazaji ulianza 2016 chini ya mpango wa kitaifa wa ujuzi wa kidijitali, na serikali yenyewe imetangaza kwamba vifaa zaidi ya milioni moja vilifikishwa katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000. Shule zilipewa tableti za wanafunzi, kompyuta za walimu, projekta, na seva ndogo yenye waifai yake. Visiwani navyo vilifika. Vilipakiwa kwenye boti kama mizigo mingine na wazazi walisaidia kuviteremsha.

Bodi yetu ilipoomba kabati lifunguliwe, tulikuta tableti zimepangwa safu kwa safu, nyingine bado zina ile karatasi laini ya kulinda kioo. Betri zilikuwa zimekufa kwa kukaa bila chaji. Vichwa vya chaja vilikuwa vimeanza kushika kutu, kwa sababu hewa yetu ni ya chumvi na chuma hakistahimili bila kushughulikiwa. Ile seva, ambayo kazi yake ni kuwagawia watoto masomo darasani bila hata tone la intaneti, ilikuwa chini kabisa, nyuma ya katoni za vitabu.

Mwalimu mkuu simlaumu, na wazazi wenzangu wengi hawamlaumu. Vifaa vilikuja na orodha, naye akaweka saini. Hakuna aliyemwandikia kwamba tableti ikichakaa mikononi mwa mtoto anayesoma, hatadaiwa. Basi akafanya ambalo mtu yeyote mwenye mshahara na familia angefanya: akanunua kufuli. Kosa ni la waliomkabidhi kifaa pamoja na hofu ya kukitumia, wakaenda zao.

2. Somo la pesa limo kwenye mtaala, lakini linafundisha pesa ya zamani

Mtaala wa umilisi, ambao Gredi ya 1 kote nchini iliuanza 2019, hauna upungufu katika hili. Tangu Gredi ya 1 mtoto anatakiwa azitambue sarafu na noti mpaka shilingi mia, aigize kununua na kuuza, atenganishe anachohitaji na anachotamani, na afundishwe kuweka akiba. Ujuzi wa kidijitali nao ni mmoja wa umilisi saba wa msingi. Maneno yote yamo. Darasani, somo hilo ni mwalimu mmoja, ubao, vizibo vya soda vilivyopewa bei, na picha ya sarafu kitabuni.

Vizibo si vibaya. Mtoto wa Gredi ya 1 anavihitaji. Lakini mtoto huyo akifika Gredi ya 5 hashiki tena sarafu tu. Anashika simu ya mamake. Nayaona haya kila siku kwenye dirisha la duka langu. Anakuja binti wa miaka kumi au kumi na moja, mkoba wa madrasa shingoni, simu mkononi, na namba ya siri ya mama imeandikwa kwenye kipande cha karatasi ya daftari kilichokunjwa nyuma ya kava. "Shangazi, mama amesema nitoe mia tatu." Adhuhuri anarudi atoe mia mbili. Alasiri, mia nne.

Waheshimiwa, hesabuni nami. Kutoa pesa kwa wakala, kwa kiwango chochote kuanzia shilingi 101 hadi 2,500, makato ya M-PESA ni shilingi 29. Binti yule amelipa 29 mara tatu, yaani 87. Angetoa 900 kwa mkupuo mmoja, angelipa 29 tu. Shilingi 58 zimekwenda, na nyumbani hakuna aliyejua zilikokwenda, kwa kuwa pesa ya kwenye simu haidondoki chini ukaisikia. Pengine mama ana sababu zake. Pesa taslimu ikikaa ndani ya nyumba hutafutiwa matumizi, na kina mama wengi hulijua hilo vizuri kuliko mtaalamu yeyote. Awe na sababu, lakini ajue bei ya sababu hiyo, na bintiye ajue. Hiyo ni hesabu ya kuzidisha na kutoa ya Gredi ya 4. Kwa nini mtoto aifanye kwa maembe ya kubuni kitabuni wakati jioni analipa makato ya kweli?

Jambo la pili nililoliona: kijana mdogo amekaa mbele ya sinia la kaimati za nyanyake. Mteja akachukua za kutosha watu wanne, akamwonyesha kijana meseji kwenye simu yake mwenyewe, kwamba pesa imetumwa. Mtoto akasoma jina la nyanyake, akaona kiasi, akafunga kaimati kwenye gazeti akampa. Pesa haikuingia. Meseji ilikuwa imeandikwa na mtu. Mtoto huyo anasoma vizuri, hesabu anaipata, na bado aliibiwa mchana kweupe, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha kwamba uthibitisho huangaliwa kwenye simu ya anayelipwa, kwenye salio, kamwe si kwenye simu ya anayelipa. Na iko ile nyingine ya "nimekutumia kimakosa, tafadhali nirudishie," ambayo imewaliza watu wazima humu visiwani na inaendelea kuwaliza.

M-PESA ilianza Machi 2007. Watoto wote walio shule ya msingi leo wamezaliwa wakaikuta. Kwa mujibu wa uchunguzi wa kitaifa wa matumizi ya huduma za fedha, FinAccess, wa 2024, watu wazima 84.8 kwa kila mia nchini wanatumia huduma rasmi za fedha, lakini wenye afya nzuri ya kifedha, yaani wanaomudu matumizi ya kila siku, wanaohimili msukosuko na wanaoweka kitu kwa ajili ya kesho, hawafiki mmoja kati ya watano. Huduma tumezipata. Ujuzi wa kuzitumia hatukupewa, na tunawaacha watoto waupate kwa matangazo ya mikopo na ya kamari, ambayo hayafungiwi kwenye kabati lolote.

3. Hesabu za vitabuni haziijui bahari yetu

Vitabu vinadhani baba analipwa mwisho wa mwezi. Huku baba analipwa na upepo. Kaskazi ikiingia, bahari imetulia, samaki, kamba na kaa wanapatikana, pesa inaingia kila siku. Kusi ikishika, mawimbi yanafunga mashua pwani na nyumba inaingia katika miezi ya kubana. Hapo ndipo mvuvi anapokwenda kwa tajiri. Tajiri anampa nyavu, mafuta ya mashine, na pesa ya unga. Halafu kaskazi ikirudi, samaki wote wanakwenda kwa tajiri huyohuyo kwa bei anayoipanga yeye, mpaka deni liishe, na deni halina daftari ila la tajiri.

Siwasemi vibaya matajiri wote. Wako waliotuvusha miaka ya shida. Ninachosema ni kwamba mtoto wa mvuvi angeweza kukaa mbele ya tableti na kucheza mwaka mzima wa nyumba yake: miezi kumi na miwili, kila mmoja na pato lake kulingana na upepo, na kila mwezi aamue ale nini, aweke nini, akope kiasi gani, bei ya kilo ishuke kwa kiasi gani kwa sababu ya deni. Akikosea, kusi imkute mikono mitupu, aanze tena. Ubaoni mchezo huo humalizi kwa muhula. Kwenye tableti watoto wanaucheza mara tatu kwa kipindi kimoja, na kila kundi linaona matokeo ya uamuzi wake. Hii ndiyo sababu tunashikilia teknolojia kwa jambo hili mahsusi.

Wala si nadharia. Aprili 2018, Mahakama Kuu iliyoketi Malindi iliamuru wavuvi wa Lamu wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara waliyopata kwa ujenzi wa bandari mpya. Ukigawanya kwa usawa, ni zaidi ya shilingi 380,000 kwa kila mvuvi. Tangu siku hiyo vibarazani hapakuwa na mazungumzo mengine: fidia ikija ifanye nini, nani aaminiwe nayo, ikae wapi. Ndani ya nyumba nyingi aliyesoma zaidi ni mtoto. Yeye ndiye anayesoma fomu, yeye ndiye anayesoma meseji ya benki. Tumemfundisha nini cha kumwambia babake?

4. Walimu

Mwalimu mmoja hubeba masomo na madarasa kuliko uwezo wake, na wengi huja visiwani wakihesabu miaka ya kuhamishwa. Mafunzo ya vifaa, waliyapata walimu waliokuwepo wakati ule. Waliohama wameondoka nayo. Hakuna aliyewafunza waliobaki.

5. Wazazi wenye wasiwasi wa riba

Hili naliandika kwa sababu litaletwa kama hoja ya kutukwamisha. Wapo wazazi na masheikh wanaouliza: mtoto akifundishwa mikopo ya simu, si mtamzoesha riba? Swali ni la haki. Jibu letu ni kwamba mtoto asiyejua kuisoma riba haiepuki. Anabonyeza tu. Mikopo mingine imo ndani ya menyu ileile ya kutuma pesa, na haiandikwi "riba" juu yake, inaitwa ada. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inatuamrisha tukidaiana tuandikiane. Kumfundisha mtoto kuweka daftari la deni, na kuitambua ada inayokua kila siku kwa jina lake halisi, ni jambo ambalo shule na madrasa zinaweza kulishika pamoja. Masheikh tuliozungumza nao wako tayari kukaa na walimu. Hawajaalikwa.

Sasa, majibu tunayoyatarajia. Baadhi tumekwisha kupewa kwa mdomo.

Mtasema hakuna intaneti. Seva iliyo kabatini ilitengenezwa kwa ajili ya shule zisizo na intaneti. Masomo yanapakiwa mara moja, kisha tableti zinayasoma kwa waifai ya darasani. Na kama seva imekufa, programu ya bure ya Kolibri ya shirika la Learning Equality inafanya kazi hiyohiyo kwenye kompyuta ya kawaida, hata kwenye Raspberry Pi, ambayo ni kompyuta ndogo inayotoshea kiganjani.

Mtasema umeme haupo au si wa kutegemewa, na maudhui ya Kiswahili hayapo. Tazameni ng'ambo ya mpaka. Katika mkoa wa Tanga, pwani kama hii yetu, kuanzia 2017 watoto karibu 3,000 katika vijiji 170 walipewa tableti zilizochajiwa kwa jua, wakajifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili katika mashindano ya Global Learning XPRIZE. Mwaka 2019 zawadi iligawanywa kati ya timu mbili, onebillion na Kitkit School, na programu zilizofika fainali ziliachwa wazi zitumiwe na yeyote. Hazikutungwa kwa ajili ya somo la pesa, hilo nakubali. Lakini zimethibitisha kwamba mtoto wa kijijini, kwa lugha yake, kwa nguvu ya jua, anajifunza hesabu kwenye kioo. Sehemu ya pesa tunaweza kuitunga hapahapa pamoja na walimu, ikapelekwa KICD, taasisi ya kitaifa ya kukuza mitaala, ikaguliwe.

Mtasema hakuna bajeti. Tunajua mgao wa serikali kwa mtoto wa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka, na tunajua huwa haufiki wote wala kwa wakati. Hatuombi ukatwe. Tunaomba fundi mmoja, nauli yake ya boti, betri za kubadilisha na chaja. Hata tableti zote zikishindikana, kompyuta moja ya mwalimu na projekta moja iliyo hai vinatosha kuanza na darasa zima.

Mtasema shule za msingi ni za serikali kuu, kaunti ina chekechea tu. Na wenzenu watasema jambo la mashinani lianzie kaunti. Jedwali la Nne la Katiba tumelisoma: elimu ya awali na vyuo vya ufundi vya vijijini ni vya kaunti, shule za msingi ni za serikali kuu. Lakini Kifungu cha 189 kinazitaka serikali hizo mbili zishirikiane na zisaidiane. Watoto wa chekechea na wa Gredi ya 1 huku wanaingia kwa geti moja. Msitupigishe danadana baina ya ofisi mbili ambazo mkitaka mnaweza kukutana kwa saa moja.

Tunachoomba, kwa mpangilio wa uharaka:

Kwanza, waraka wa maandishi kwa kila mwalimu mkuu visiwani, kabla muhula ujao haujafunguliwa, unaosema wazi kwamba kifaa kilichoharibika kikitumiwa darasani na kuandikwa kwenye daftari la vifaa hakitakuwa deni lake. Hili halina gharama, na bila hili mengine yote ni bure.

Pili, ukaguzi wa vifaa shule kwa shule: vingapi vilipokelewa, vingapi vinafanya kazi, vingapi vinatengenezeka, vingapi vimepotea. Orodha ibandikwe ubao wa matangazo wa kila shule, wazazi waisome.

Tatu, fundi azunguke Pate, Ndau, Kiwayu na pwani ya Kiunga kabla kusi haijachafua bahari, asije akatuambia hali ya hewa ilimzuia.

Nne, mafunzo ya walimu yafanyike visiwani kwenyewe, na yarudiwe kila mwaka kwa wanaohamia.

Tano, kipindi kimoja kwa wiki kuanzia Gredi ya 4, ndani ya Hisabati iliyopo, cha pesa ya simu, akiba ya msimu, deni na utapeli. Kiwe na programu ya kuigiza simu isiyo na pesa ya kweli ndani yake na isiyounganishwa na kampuni yoyote ya mikopo. Hatutaki mkopeshaji aje kujitangaza darasani kwa jina la elimu. Mimi na mawakala wenzangu tutakuja kufundisha makato bila malipo. Wavuvi na kina mama wa vyama wamekubali kuja pia.

Sita, afisa mmoja atajwe kwa cheo chake, mwenye namba ya simu inayopokewa, tunayeweza kumuuliza yamefika wapi.

Barua hii inaambatana na maombi rasmi ya orodha ya vifaa chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, inayowapa siku 21 za kujibu. Siku hizo zikipita kimya, tutawasilisha ombi kwa maandishi chini ya Kifungu cha 37 cha Katiba, na saini za wazazi wa kila shule itakayokubali kuungana nasi. Tungependa zaidi kuwakaribisha kisiwani. Mkija, kabati litafunguliwa mbele yenu, na watoto watawaonyesha hesabu ya zile shilingi 58.

Wasalaam,

Mwakilishi wa wazazi na wakala wa pesa, Kisiwa cha Pate.
(Jina kamili, sahihi na namba ya simu vimo katika nakala iliyokabidhiwa ofisini.)

Nakala kwa:
Bodi za shule za msingi za Pate, Ndau na Kiwayu
Vikundi vya wavuvi vya usimamizi wa fukwe (BMU)
Maimamu na walimu wa madrasa